Malungu ya Ufipa Yapigwe Picha Kabla Hayajaanguka

Kwenye uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa, yapo malungu, matanuri marefu ya udongo ambamo Wafipa waliyeyushia mawe ya chuma bila kuvukuta: hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini. Yamesimama nje, na kila masika mvua huyamega. Tutayahifadhije?

Kondoa inatupa somo. Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey alinakili kwa mkono michoro ya miambani huko, na mwaka 2006 UNESCO ikaitambua kuwa Urithi wa Dunia. Lakini mkono hunakili kile tu ambacho jicho limekiona. Mwaka 2018 mtafiti wa Poland, Maciej Grzelczyk, alipokuta michoro iliyofifia katika Pori la Akiba Swagaswaga, jirani na Kondoa, aliisoma kwa msaada wa DStretch, programu ya Mmarekani Jon Harman.

Kamera ya kidijitali huandika kila nukta kwa namba tatu: za nyekundu, kijani na bluu. Mchoro ukichakaa, namba za rangi yake na za mwamba hukaribiana mno. DStretch huzitanua tofauti hizo ndogo, kisha huipa picha rangi za bandia. Doa hafifu hugeuka mnyama mwenye miguu na pembe.

Malungu yanahitaji njia nyingine, kwa kuwa thamani yake imo katika umbo. Mpiga picha hulizunguka tanuri akipiga picha nyingi, kila moja ikirudia sehemu ya iliyotangulia. Programu hutafuta nukta zinazofanana, hukokotoa kamera ilisimama wapi, kisha hujenga umbo la pande tatu. Kijiti chenye urefu unaojulikana kikiwekwa kando, umbo hilo hupimika. Simu ya kawaida yatosha kuanzia.

Kusambaza nako kunawezekana. Shirika la TARA, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1996, lilikusanya picha za michoro ya miambani kote Afrika. Kuanzia mwaka 2013 Makumbusho ya Uingereza yakaorodhesha takriban 25,000 kati yake na kuziweka mtandaoni.

Mwanafunzi wa Milepa, kule bondeni Rukwa, naye anastahili kulizungusha tanuri la Ufipa kwenye skrini ya shule yake. Halmashauri, shule na vyuo vianze na malungu ambayo bado yamesimama, viandike mahali, tarehe na maelezo ya wazee, na nakala moja ibaki Sumbawanga.