Neno "Kura" katika Kufasiri Habari za Athens ya Kale

Mfasiri anayeshughulikia habari za Athens ya kale hafiki mbali kabla ya kukutana na neno kura. Akiandika kwamba wajumbe 500 wa Baraza la mji huo "walipatikana kwa kura", atakuwa amesema kweli, lakini mwanafunzi atakayeisoma sentensi hiyo ataelewa kinyume chake. Atadhani kwamba wananchi waliwapima wagombea na kuwachagua waliowapenda, kumbe majina yaliokotwa kwa bahati. Makala haya yanakusudia kueleza chanzo cha utata huo na kupendekeza njia ya kuuondoa.

1. Asili ya neno

Kura ni neno lililotokana na Kiarabu, qur'a, na maana yake ya asili ni kuiachia bahati iamue jambo. Katika Biblia ya Kiswahili, Mathiya aliongezwa katika hesabu ya mitume kwa kupigiwa kura, wala hakuna aliyehesabu ni wangapi waliompenda. Hata leo watu wanaogawana viwanja hupiga kura ili ijulikane nani achukue kipi.

Uchaguzi wa kisiasa ulipoingia, neno hilohilo lilibebeshwa maana ya pili, yaani uamuzi anaoutoa mtu kwa hiari yake. Jambo hili si la ajabu, kwa kuwa Kiarabu nacho kimelitumia shina hilo kwa maana zote mbili. Lakini Kiarabu kina neno jingine pia, kwani kura ya mpiga kura huitwa sawt, yaani sauti. Sisi tuliipokea sauti, tukaiacha kura ibebe mizigo miwili peke yake.

Katika habari za kila siku utata huu haudhuru, maana msikilizaji husaidiwa na muktadha. Katika historia ya Athens muktadha hausaidii, kwa sababu watu wa mji ule walizitumia njia zote mbili, na walizitenganisha kwa makusudi.

2. Njia nne za Athens

Njia ya kwanza ni bahati. Kila mwaka wajumbe 50 walitolewa katika kila fungu miongoni mwa mafungu 10 ya raia, ndipo likapatikana Baraza la watu 500. (Neno kabila halifai hapa, kwa kuwa mafungu hayo yaliundwa kwa mpango wa Kleisthenes mwishoni mwa karne ya 6 K.K.) Mahakimu wa mahakama za wananchi nao waligawanywa kwa bahati. Katika karne ya 4 K.K. kilitumika chombo cha jiwe chenye safu za nafasi nyembamba, ambamo vibao vya majina vilichomekwa. Ubavuni palikuwa na mrija uliotoa gololi nyeupe na nyeusi. Ikitoka nyeupe, safu nzima ilipata kazi. Ikitoka nyeusi, safu nzima ilirudi nyumbani.

Njia ya pili ni kunyosha mikono katika mkutano wa wananchi wote. Kwa njia hii walichaguliwa majemadari 10, maana vita vilihitaji ujuzi, na ujuzi hauachiwi bahati.

Njia ya tatu ni kokoto, na neno la Kigiriki la uamuzi wa namna hii ndilo hilo la kokoto. Baadaye mahakama zilitumia visahani vya shaba vyenye kijiti katikati. Kijiti chenye tundu kilikuwa cha mshtaki, na kisicho na tundu kilikuwa cha mshtakiwa. Hakimu alivishika kwa kuziba ncha zake kwa vidole, ili jirani asijue ametumbukiza kipi.

Njia ya nne ni vigae. Raia aliandika juu ya kigae jina la mtu aliyetaka aondolewe mjini. Ilihitajika idadi ya 6,000, na aliyepatikana alihamishwa kwa miaka 10 bila ya kunyang'anywa mali. Katika kisima kimoja karibu na Akropolis, mwaka 1937, vilipatikana vigae 190 hivi vyenye jina la Themistokles, vilivyoandikwa kwa mikono ya watu wachache tu. Yaonekana viliandaliwa mapema ili wagawiwe wapigaji kura.

Katika mashindano ya tamthilia ya Dionysia, njia mbili ziliungana. Waamuzi 10 walipatikana kwa bahati, mmoja kwa kila fungu. Kila mmoja aliandika kwa hiari yake nani ameshinda, kisha kwa bahati tena yakaokotwa maamuzi 5 tu yaliyohesabiwa. Mwalimu ajaribu kuieleza habari hii kwa neno kura peke yake, naye ataona ugumu wake.

Ugumu huo waathiri hata fikra. Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa, asema kwamba kuwapata viongozi kwa bahati huhesabiwa kuwa jambo la kidemokrasia, na kuwachagua huhesabiwa kuwa jambo la utawala wa wachache. Mfasiri akitia kura pande zote mbili, hoja yote yabomoka.

3. Mapendekezo

Kura: libaki kwa maana ya uamuzi wa hiari wa mtu, kwa kuwa ndiyo iliyoenea katika sheria na magazeti.

Kura ya nasibu: uteuzi unaoachiwa bahati. Bahati nasibu halifai, kwa kuwa limekwisha kushikamana na mchezo wa fedha. Nasibu peke yake limezoeleka katika takwimu, wasemapo sampuli nasibu, na maana ni ileile.

Kura ya wazi: ile inayoonekana na wote, iwe ya mikono au ya kujipanga mstari, kama ya mlolongo iliyotumika Kenya mwaka 1988.

Kura ya siri: ile ya visahani, karatasi na sanduku.

Kura ya vigae: ile ya kumhamisha raia. Jina hili laeleza chombo bila ya kukopa neno la Kigiriki.

4. Hitimisho

Faida ya kutenganisha maana hizi haiishii katika historia. Afisa anayefasiri kanuni isemayo kwamba wagombea waliolingana wataamuliwa kwa bahati, akiandika "kwa kura", atawarudisha watu kituoni kupiga kura upya, kumbe kanuni ilitaka liokotwe jina moja tu. Wafasiri na walimu waliokwisha kuujaribu msamiati mwingine wanaombwa watuletee, pamoja na sentensi walimoutumia, ili upimwe pamoja na mapendekezo haya.