Mombasa Kwenda na Kurudi, Tukiwa Tumenuniana!

Jamani, ndoa ina siku zake. Mimi na baba watoto tulikuwa wiki ya tatu hatuongei. Laki tatu zilitoka benki, kuniambia zimeenda wapi hataki. Mwenzenu nikajua tayari, ana mwanamke! Ila tiketi za Mombasa tulishakata, nikasema haziozi.

Tukatoka Tanga alfajiri. Horohoro tukagongewa mihuri, Lunga Lunga kimya vilevile. Kwenye kivuko cha Likoni watu walibanana, akanishika mkono. Sikuutoa.

Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, ina kuta nene za matumbawe, usiikose. Lakini roho yangu ilibaki Mji wa Kale, pale jirani: milango ya nakshi, roshani za mbao, na vichochoro vyembamba kiasi kwamba mkokoteni ukipita lazima msogeleane, mtake msitake.

Tukakaa barazani, kahawa chungu na haluwa. Ndipo akafunguka: "Mama watoto, zile pesa nilimpa mama alipe deni. Niliona haya kukwambia."

Unadhani nilifurahi? Nilikasirika upya! Mama mkwe ningemnyima mimi? Kilichoniuma ni kufichwa. Tukagombana kwa sauti ya chini hadi kahawa ikapoa, muuzaji akatuongezea bila kuulizwa.

Mashoga wananiuliza, yameisha? Bado. Ila kurudi Tanga tuliongea njia nzima, mpaka kondakta akatuomba tupunguze sauti, abiria wamelala.