Ugonjwa wa Kudumu Mbele ya Kamati ya Udahili

Frances Davis alikuwa muuguzi tayari. Alipata leseni ya ngazi ya chini mwaka 1967 huko North Carolina, Marekani, kisha akaomba kusomea ngazi ya juu katika chuo cha Southeastern Community College. Kwenye usaili ikajulikana kwamba hasikii vizuri. Chuo kikamnyima nafasi, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na Juni 1979 majaji wote tisa wakakipa chuo ushindi. Hoja moja iliyomwangusha ilikuwa barakoa: Davis alitegemea kusoma midomo, na katika chumba cha upasuaji kila mtu huwa ameziba mdomo.

Akiyakumbuka yaliyompata Davis, kijana mwenye kisukari, kifafa au selimundu anayetaka udaktari, ufamasia au uuguzi bado anajiuliza: niseme, na niseme lini?

Kwa Marekani, sheria inasaidia kuliko waombaji wengi wanavyodhani. Kanuni zilizotolewa 1977 zilikataza chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kumuuliza mwombaji, kabla hajadahiliwa, kama ana ulemavu. Akishapokewa, chuo kinaweza kuuliza kwa siri ili kimwandalie mazingira. Tatizo likawa ni nani anayehesabika kuwa na ulemavu. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtu apimwe akiwa ameshatumia dawa au kifaa chake. Mgonjwa wa kifafa aliyetulizwa na vidonge akawa hatarini kukosa kinga, ingawa vidonge havijamponya. Ilikuwa dhuluma, na Bunge likairekebisha mwaka 2008: ugonjwa unaokuja na kutulia sasa hupimwa kwa hali yake unapoamka.

Lakini sheria haimzuii mwombaji kujitangaza mwenyewe. Vyuo vya udaktari vya huko hudai insha binafsi, nayo kwa vyuo vingi huishia herufi 5,300. Wengi huvutwa kueleza jinsi kulazwa kwao utotoni kulivyowapa hamu ya kutibu. Habari hiyo yaweza kuwa ya kweli na ya kugusa, ila inasomwa na watu walewale wanaoamua nani aingie. Ugonjwa una sababu nzuri ya kutajwa hapo pale unapoeleza jambo ambalo kamati italiona hata hivyo, kama muhula uliokatika au alama zilizoporomoka ghafla. Na hata hapo, mistari michache yatosha. Nafasi inayobaki ni ya kuonyesha kazi aliyoifanya mwombaji tangu aliporudi darasani.

Tanzania mambo hupangwa kwa njia nyingine. Anayetoka kidato cha sita akiomba udaktari hupimwa kwa alama zake za fizikia, kemia na biolojia. Fomu ya uchunguzi wa afya humfikia baadaye, pamoja na maelekezo ya kujiunga, na hujazwa na daktari. Kufikia hapo kunyamaza kuna hatari yake. Uchovu, baridi na kukosa maji ya kutosha mwilini vyaweza kumletea mwenye selimundu maumivu makali, na zamu za usiku wodini zaweza kuwa na vyote vitatu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo mwanafunzi ana haki ya kuuliza nani ataisoma fomu yake na itatunzwa wapi.

Barua ya daktari inayoambatana na fomu haihitaji historia nzima ya ugonjwa. Iseme kinachohitajika: ruhusa ya kuingia na kipimo cha sukari na kitafunwa kwenye chumba cha mtihani, siku za kliniki, na zamu zisizofuatana.