Weka Manati Chini: Ndege wa Sengerema Wana Ubuyu wa Ziwa

Wikiendi ya msela wa Sengerema haina siri. Asubuhi kijiweni, mchana unasuka mkeka, jioni kibanda umiza kucheki mechi, usiku mkeka umechanwa na timu moja tu na bando nalo limekata. Sihukumu mtu hapa. Nasema tu kwamba muda huohuo kuna Mzungu kavuka bahari, kalipa madola, katinga Kanda ya Ziwa na darubini shingoni, anatafuta vitu ambavyo wewe unavipita kila siku na bodaboda bila hata kugeuza shingo.

Vitu vyenyewe ni ndege. Hawahawa wa majarubani, wa mwaloni, wa kwenye mafunjo. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100, na wengi wanaopenda maji wamejazana huku kwetu. Kuwacheki ni bata la kitonga: hakuna kiingilio, unatembea kwa mguu, na ukirudi maskani una stori ambazo mwana wa Dar hana. Halafu kubwa zaidi, ndege ni wambea. Kinachotokea ziwani wao wanakijua mapema, na ukijua kuwasoma, wanakumwagia ubuyu wote.

Chimbo la kwanza: Busisi

Tangu Juni 2025 daraja la JPM limefunguliwa, takriban kilomita 3 za zege juu ya maji, na ile foleni ya kivuko imebaki historia. Sawa, raha. Ila siku hizi watu wanapita Busisi mbio, hakuna anayesimama. Wewe simama. Shuka, sogea upande wa ufukweni, tafuta kivuli, tulia.

Utamwona mdiria. Yule mdogo wa rangi nyeusi na nyeupe, kichwani kaweka kishungi, mdomo mrefu mweusi. Mara kakaa kwenye mti, kwenye kamba, kwenye ncha ya mtumbwi. Ghafla anaruka, anasimama hewani pale pale akipiga mabawa fasta, kichwa chini, macho majini. Halafu chubwi! Anatoka na samaki. Cheki kifua: dume ana mikanda miwili myeusi, jike ana mmoja tu, na wenyewe umekatika katikati. Ukishajua hilo, washkaji wataanza kukuita profesa.

Sasa ubuyu wenyewe. Mwaka 1977 wataalamu kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kazi kwenye Ghuba hii ya Mwanza, maji haya haya yanayogawa Sengerema na jiji. Kikosi chao kiliitwa HEST. Kilichowaleta ni furu, wale samaki wadogo ambao bibi yako aliwala sana, maana enzi hizo ziwa lilikuwa na mamia ya aina zake. Lakini sangara alishapandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950 na 1960. Alikaa kimya kwa muda, halafu katikati ya miaka ya 1980 akalipuka kwenye ghuba. Akawafyeka furu hadi wakawa wa kutafutwa kwa tochi.

Mdiria naye kala nini kipindi hicho? Hapo ndipo utamu ulipo. Mdiria hameng'enyi mifupa ya samaki, anaitema ikiwa vibonge vidogo. Wataalamu wakawa wanaokota vibonge hivyo, wanavipasua, wanasoma mifupa. Kabla ya sangara kukiwasha, menyu ilikuwa imejaa furu. Baadaye furu wakayeyuka kwenye vibonge, dagaa wakatawala. Na dagaa ni mwembamba, hana nyama ya furu, kwa hiyo mdiria ikabidi apige mbizi nyingi zaidi kwa siku ili ashibe. Sangara alivyokuwa anajaza nyavu na watu wanaokota maokoto, huyu mwamba wa gramu chache alikuwa anapiga kazi zaidi kwa ujira uleule. Yote hayo yalikuwa yameandikwa kwenye matapishi yake. Furu walikuja kurudi kiasi miaka ya 1990, lakini siyo kwa wingi ule wa zamani.

Kitu kingine: mdiria anatoboa kingo za mchanga na kutaga humo ndani. Kwa hiyo lori likija kuzoa mchanga wa kujengea ufukweni, kuna familia zinavunjiwa nyumba bila notisi. Ukiona kingo ina matundu matundu na ndege wanaingia na kutoka, piga picha kwa mbali, sepa. Usiingize mkono. Na usijichanganye ukazama majini kufuata picha kali, maana kichocho huku ni cha ukweli, na mamba na kiboko hawasomi alama za barabarani.

Mwaloni: wababe na wenye vituko

Nenda mwalo wowote wakati dagaa wameanikwa, iwe Chifunfu au vijiji vingine vya pwani ya ziwa. Pale ndege wamejaa hadi basi. Shakwe wa vichwa vya kijivu wanapiga kelele kama abiria waliorudishiwa chenji pungufu. Mwewe anashuka kwa kasi, ananyakua kitu, ameshapotea. Yangeyange weupe wanatembea kwa pozi katikati ya nyavu.

Halafu kuna korongo mfukoshingo. Huyo unamjua hata kama hujui jina: kipara, mfuko wa waridi unaning'inia shingoni, urefu unafika mita 1.5, anasimama jalalani na machinjioni. Watu wanamcheka kwamba mchafu, tena weupe wa miguu yake ni kinyesi chake mwenyewe. Kweli, anajinyea miguuni kwa makusudi, kwa sababu unyevu ule ukikauka unamtoa joto. Feni yake hiyo. Na uchafu anaoula ni uchafu wetu: utumbo wa samaki, mizoga, mabaki ya bucha. Siku makorongo wakigoma, mwalo hautakalika.

Ukiona sehemu gugumaji limetanda, usione balaa tu. Angalia juu ya yale majani. Kuna ndege wa rangi ya kahawia, shingo nyeupe, paji la samawati, vidole virefu kinoma. Anatembea juu ya majani yanayoelea bila kuzama, kwa sababu vidole vimesambaza uzito. Ndoa yake sasa ndiyo itawasha mjadala kijiweni: jike mmoja ana madume kadhaa, akishataga anasepa kwenda kwa mwingine. Baba ndiye anaatamia, baba ndiye analea, na hatari ikija anawabeba vifaranga kwapani, unaona vimiguu tu vinaning'inia. Wanaosema kulea siyo kazi ya mwanaume wakaongee naye.

Ukisikia mlio mkali kutoka juu ya mti, kichwa kimetupwa nyuma, ujue ni furukombe, tai wa kichwa cheupe na tumbo la kahawia. Huyo hana haja ya utambulisho. Akipita, hata mdiria anatulia kwanza.

Majarubani: vita vya mpunga

Ukitoka ziwani ukaingia mabondeni kwenye majaruba, picha inabadilika. Mvua zikianza, makorongo madogo meusi wenye matumbo meupe wanatia timu kwa makundi kutoka kaskazini mwa Ikweta. Wanapita mashambani wakila panzi na viwavi, yaani dawa ya bure ya wadudu. Kati ya Septemba na Aprili mbayuwayu nao wapo, wametoka Ulaya. Mmoja ana kama gramu 20 tu, na kavuka Jangwa la Sahara kuja kula usubi wetu wa ziwani, yale mawingu meusi yanayopanda juu ya maji na kuingia hadi kwenye mboga.

Kwenye miti ya kando ya njia kuna mnana, wale wa njano wanaofuma viota vinavyoning'inia. Dume anafuma geto peke yake, akimaliza anajining'iniza mlangoni anapiga mabawa kuita manzi. Manzi anaingia, anakagua. Akiona mafundo yamelegea au majani yameshakauka, anasepa bila maelezo. Jamaa anabomoa yote, anaanza upya. Hakuna kununa.

Lakini majarubani kuna adui pia, tuwe wakweli. Kwelea kwelea siyo mchezo. Mmoja anaweza kula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Unaona ni kidogo, sasa piga hesabu kundi la milioni moja: tani 10 kwa siku moja. Ndiyo maana madogo wanashinda shambani tangu alfajiri wanapiga madebe na kurusha mawe, na kundi likizidi serikali inaleta ndege ya kunyunyiza sumu. Mkulima anayelia na kwelea usiende kumhubiria uzuri wa ndege. Jua tu kwamba sumu ile haichagui: mwewe au bundi akila kwelea aliyekufa, naye anakwenda na maji. Kwa hiyo ukimtambua kwelea vizuri, ukamtofautisha na mnana au ndege wengine wadogo wasio na kesi, tayari umeokoa wengi wanaopigwa manati kwa kufananishwa.

Na hapo ndipo nakuja kwenye manati. Wengi wetu tumekua nayo shingoni, sina haja ya kujifanya mtakatifu kwa niaba ya mtaa. Ila ukishamtambua ndege kwa jina na tabia, kumdondosha hakuna tena ujanja ndani yake.

Kito cha kwetu

Kuna kasuku wadogo wa kijani, vichwa vya rangi ya chungwa, midomo myekundu, macho yamezungushiwa duara nyeupe. Wanaitwa cherero wa Fischer, na asili yao ni ukanda huu, kusini na kusini-mashariki mwa Ziwa Victoria. Duniani kote wanafugwa kwenye vizimba sebuleni. Miaka ya 1980 walikamatwa porini Tanzania kwa wingi wa kutisha, na mwaka 1987 ndio kasuku wa porini waliouzwa zaidi katika biashara ya kimataifa. Porini wakapungua, na mpaka leo wanahesabiwa kati ya ndege wa kuangaliwa kwa makini.

Kwa hiyo akitokea jamaa anakwambia kuna mchongo wa kukamata cherero, kataa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haina utani na anayekamata bila kibali, na usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi ulipigwa stop mwaka 2016. Mchongo halali upo: Pasiansi pale Mwanza kuna chuo cha wanyamapori tangu miaka ya 1960, na anayejua ndege kwa macho na masikio anaweza kuongoza wageni Saanane au Rubondo bila kuiba kiota cha mtu.

Jinsi ya kutia timu

Muda: saa 12 asubuhi hadi saa 3, au jioni kuanzia saa 10. Mchana jua likikaza, ndege wanalala na wewe ukalale.

Vifaa: raba, kofia, chupa ya maji, daftari. Darubini ikipatikana freshi, isipopatikana macho yanatosha kuanzia. Kwenye simu shusha Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell. Ni bure, na ukishapakua furushi la ndege wa ukanda huu inafanya kazi hata bila bando. Nguo za rangi kali acha nyumbani.

Adabu: hiki ndicho kipengele muhimu kuliko vyote. Huku kuna dhahabu. Mtu mgeni anayezunguka mashambani na darubini, akiandika andika, anaonekana mtu wa mgodi kaja kupima ardhi ya watu. Kwa hiyo usipite kimya. Asubuhi toa "mwangaluka", mchana "mwadila", mzee mpe shikamoo yake. Mwambie unacheki ndege. Atakucheka kwanza, halafu atakaa chini akutajie majina ya Kisukuma au Kizinza na mambo ambayo hata simu yako haijui: yupi anatangulia mvua, yupi alikuwepo zamani na siku hizi haonekani. Akikwambia usisogelee lile likiota likubwa la vijiti la fundichuma kwa sababu lina mkosi, usibishane. Imani hiyo imekilinda kiota hicho kuliko bango lolote. Manzi na masista, nendeni kikundi. Raha ya matembezi ni stori, na usalama ni wingi.

Mwisho, andika. Tarehe, sehemu, ndege gani, wangapi. Tunajua alichokula mdiria miaka ya 1980 kwa sababu kuna watu waliinama wakaokota mifupa na kuandika. Tangu hapo daraja limekuja, gugumaji linakuja na kuondoka, migodi inafunguliwa, mchanga unazolewa. Ndege wanaona yote, na hakuna wa kuwaandika kama siyo sisi tunaoishi nao. Huhitaji kujua aina 1,100. Anza na mdiria mmoja pale Busisi: hesabu madume, hesabu majike, weka tarehe. Mwakani tukutane palepale na madaftari yetu tulinganishe.