Sura ya 7: Mgongo wa Mkoba

Anayenunua mikoba ya pembeni kwa ajili ya pikipiki kongwe huanza kwa kuitazama uso: rangi ya ngozi, bizimu za shaba, namna itakavyoipendezesha pikipiki ikiwa imeegeshwa. Ningemwomba aigeuze. Mgongo wa mkoba, ule upande unaotazamana na shokapu, bomba la moshi na tairi, ndio wenye habari zote. Huko ndiko mkoba unakoungua na kusagika, na ndiko unakoweza kunaswa na spoki ukalifunga gurudumu la nyuma ghafla pikipiki ikiwa katika mwendo. Kwa hiyo nitaieleza zaidi ile nafasi finyu iliyopo kati ya mkoba na pikipiki kuliko mkoba wenyewe.

Zamani nafasi hiyo haikuwasumbua watu sana. Kwenye Harley-Davidson kubwa za kabla ya 1958, ekseli ya nyuma ilifungwa kwenye fremu yenyewe bila shokapu yoyote. Mashimo ya barabarani yalipokewa na springi za siti na kiuno cha dereva. Mikoba ya ngozi ilining'inizwa pande mbili za madigadi kama shogi juu ya punda wa Lamu, na kwa kuwa gurudumu halikupanda wala kushuka, kila kilichokuwa nyuma ya mkoba kilikaa palepale. Mwaka 1958 ikaja Duo-Glide yenye shokapu mbili nyuma. Huko Ulaya mabadiliko hayo yalikuwa yametangulia: Triumph ya Uingereza ilikuwa na mkono wa nyuma unaocheza tangu 1954, BMW tangu 1955. Kuanzia hapo mkoba ukapata jirani asiyetulia.

Nitaieleza kazi hii kwa BMW R75/5, iliyoanza kutengenezwa Berlin mwaka 1969. Ni pikipiki ya safari ndefu hasa. Ina injini ya cc 745 yenye silinda mbili zilizotokeza kushoto na kulia, na nguvu hufika gurudumu la nyuma kwa shafti, kwa hiyo hakuna mnyororo wa kurusha oili kwenye nguo zako. Mabomba yake ya moshi yanapita chini pande zote mbili kwa mlingano, jambo linalorahisisha kufunga mikoba. Linganisha na Triumph TR6C, ambayo mabomba yake yote mawili yamepandishwa juu upande wa kushoto: huko mkoba wa kushoto unakutana na moto moja kwa moja, na mimi namshauri mwenye TR6C afunge keria ndogo nyuma ya siti, aziache pande za pikipiki yake zilivyo.

Ila R75/5 ina tabia ambayo mzigo huifichua. Zile za mwanzo zina milimita 1,385 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na zikifika mwendo mkubwa baadhi huanza kuyumba: mwili mzima wa pikipiki unapiga mkia kushoto na kulia, mara mbili au tatu kwa sekunde. Katika mwaka wa 1973 kiwanda kilirefusha mkono wa nyuma kwa milimita 50, pikipiki ikatulia zaidi. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote chukua futi ya kupimia, ujue yako ni fupi au ndefu. Ikiwa fupi, kila sentimita utakayousogeza mzigo mbele ina thamani.

Sababu yake inaeleweka kwa hesabu ndogo. Chukua kilo 15 uziweke sentimita 20 nyuma ya ekseli ya nyuma. Gurudumu la mbele linapungukiwa na uzito wa kilo mbili hivi. Zihamishie sentimita 20 mbele ya ekseli, gurudumu la mbele linaongezewa kilo mbili. Tofauti ni kilo nne na zaidi, kwa kusogeza mzigo uleule bila kuongeza kitu. Halafu kuna jambo zito zaidi. Kitu kinachoning'inia mbali na kitovu cha pikipiki huwa kigumu kukianzisha kuyumba, na kikishaanza huwa kigumu kukituliza, na ugumu huo hukua kwa mraba wa umbali. Mkoba ulio sentimita 90 kutoka kitovuni una ukaidi zaidi ya maradufu ya ule ulio sentimita 60, ingawa mizani inasema ni sawasawa. Ndiyo maana nasisitiza: mbele kadiri miguu ya abiria inavyoruhusu, chini kadiri bomba la moshi linavyoruhusu, na karibu na gurudumu kadiri shokapu inavyoruhusu. Kwa masharti hayo matatu mkoba unajipatia mahali pake wenyewe.

Kabla ya kutoa fedha, tengeneza mkoba wa katoni. Kata boksi liwe na vipimo vya mkoba unaoutaka, lifunge kwa utepe wa gundi pale unapodhani patafaa, kisha mpandishe abiria. Visigino vyake vikigusa boksi, umeokoa fedha. Baada ya hapo pima mwendo wa gurudumu. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, toa springi kwenye shokapu, rudisha shokapu zikiwa tupu, kisha inua gurudumu kwa jeki polepole mpaka zigote. Mwendo huo ni takriban sentimita 12 na nusu. Tazama kwa tochi kila hatua: wapi bega la tairi linapita, wapi shokapu inalala, wapi kebo au waya unavutwa. Acha angalau sentimita mbili kati ya mkoba na chochote kinachosogea. Kwa mkoba wa ngozi zidisha, maana ngozi hulegea, na mvua ikiinyeshea mkoba mzigo wake huusukuma ndani. Ukiona mkoba wa ngozi uliotumika una alama nyeusi inayong'aa mgongoni, yenye upinde kidogo, kwenye usawa wa bega la tairi, hiyo ni raba iliyoachwa na gurudumu. Bamba jembamba la alumini au fremu ya chuma mviringo nyuma ya mkoba huondoa hatari hiyo kabisa, na bila kitu cha namna hiyo mimi nisingemruhusu mtu aondoke na mikoba ya ngozi ya kuning'iniza.

Masanduku magumu yalileta njia nyingine. Uingereza ilikuwa na masanduku ya Craven. Ujerumani ikapata ya Krauser, ya plastiki ngumu, yanayoshikwa na fremu ya bomba na kuchomolewa kwa mkono ukifika hotelini. Kwa R75/5 hayo ndiyo ninayoyapendelea, kwa kuwa uzito wote unabebwa na fremu hiyo na mgongo wa sanduku haulegei. Lakini hapo kazi inahamia kwenye vishikizo.

Kishikizo cha juu mara nyingi hutumia bolti ya juu ya shokapu. Kiweke upande wa nje wa jicho la shokapu. Ukikipachika ndani, kati ya jicho na fremu, umeisukuma shokapu nje kwa unene wa chuma hicho, na itafanya kazi ikiwa imepinda. Hakikisha pia nati inapata nyuzi za kutosha: ikikazwa, uzi mmoja au miwili ya bolti utokeze mbele yake. Bolti ikiwa fupi, badilisha bolti, usipunguze washa. Kwenye BMW nyuzi zote ni za milimita. Anayefunga mikoba kwenye Triumph ya miaka ya 1960 ajihadhari, maana huko atakutana na nyuzi za Kiingereza za aina zaidi ya moja, na bolti ya milimita ikilazimishwa itaingia mizunguko miwili kisha iharibu kila kitu.

Kishikizo cha chini kifike karibu na kikanyagio cha abiria. Na fremu mbili za pembeni ziunganishwe kwa chuma kinachopita nyuma ya madigadi. Chuma hicho watu hukiacha kwa sababu hakipendezi. Kilo 10 zikiangukia shimo zinavuta kama kilo 30, na bila kiungo cha nyuma kila fremu inatikiswa peke yake mpaka ufa uanze, kwa kawaida kwenye ukingo wa tundu au pembeni mwa mshono wa kuchomelea.

Usitoboe madigadi. Mistari ile myembamba kwenye madigadi na tangi la R75/5 ilichorwa kwa brashi na mkono wa mtu kiwandani, na tundu moja la milimita nane halirudishiki. Usichomelee fremu ya pikipiki pia: joto linabadilisha chuma kilichobeba maisha yako, tena mahali ambapo spana na kishikizo kizuri vingetosha.

Sasa joto la bomba. Kati ya chini ya mkoba na bomba la moshi acha sentimita tano. Zisipopatikana, weka bamba la alumini katikati, lakini liwe na nafasi ya hewa pande zote mbili. Bamba lililobanwa kwenye ngozi linapeleka joto badala ya kulizuia. Angalia na indiketa za nyuma. Kama masanduku yanazifunika kwa dereva aliye nyuma yako, zisogeze nyuma. Na upande wa kushoto jaribu kuchomoa ekseli ya nyuma na kulitoa gurudumu huku fremu za mikoba zikiwa zimefungwa. Fremu inayozuia ekseli kutoka itakulazimisha kufungua nusu ya pikipiki siku ya pancha, pembeni mwa barabara.

Kupakia kuna mambo machache. Spana, mipira ya akiba na vyote vizito vikae chini na mbele ndani ya mkoba. Nguo juu na nyuma. Pima kila mkoba kwa mizani ya kuning'iniza. Nusu kilo ya tofauti hutaihisi. Kilo tatu utazihisi kila unapoachia usukani kidogo. Shokapu za R75/5 zina mkono mdogo wa kuzungusha wenye hatua tatu: panda hatua ukiwa na mzigo, na jaza upepo wa tairi kwa kipimo cha mzigo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Ted Simon, aliyeondoka London mwaka 1973 kwa Triumph ya cc 500 akazunguka dunia na kupita Kenya na Tanzania, alisafiri zaidi ya kilomita 100,000 kwa mashine isiyo na nguvu kubwa. Pikipiki ndogo iliyopakiwa kwa akili inafika mbali.

Jaribu kwanza masanduku yakiwa matupu, kwa kuwa hata matupu hukamata upepo. Piga mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye kishikizo. Baada ya kilomita 50 tazama mistari ipi imekatika, kaza, rudia. Kisha pakia, uongeze mwendo kidogo kidogo kwenye barabara iliyonyooka. Watengenezaji wengi wa masanduku huweka ukomo wa kilomita 130 kwa saa. Kwa R75/5 fupi mimi naona 110 panatosha. Pikipiki ikianza kupiga mkia, usikamate breki na usiubane usukani. Legeza mikono, rudisha mafuta taratibu, uiache ijitulize, halafu simama na uhamishe uzito mbele kabla ya kuendelea.

Bolti fupi za asili ulizozitoa zitie kwenye kopo lenye grisi kidogo, uandike juu yake zimetoka wapi. Fremu za mikoba zikivuliwa msimu wa safari ukiisha, zirudi mahali pake.