Sura ya Saba: Kisiwa Kilicho Ukingoni

Karibu picha zote za Maporomoko ya Victoria zimepigwa kutoka mbele. Mpiga picha husimama ng'ambo, koti la mvua limemganda mwilini, akaelekeza kamera kwenye maji yanayoporomoka. Picha hutoka nzuri, na humdanganya anayeitazama. Humfanya aamini kwamba mto Zambezi unatoka nchi ya juu na kushukia nchi ya chini, kama mito mingine ifikapo kwenye mteremko. Hapa sivyo. Pale aliposimama mpiga picha na pale maji yanapoanza kuanguka ni kimo kimoja. Nchi ni tambarare huku na huko. Mto umekutana na ufa uliokata njia yake, ukatumbukia humo wote.

Jambo hili huonekana vizuri zaidi kutoka juu, ukiwa katikati ya mto, na mahali pa kulitazamia ni Kisiwa cha Livingstone. Ni kisiwa kidogo, kiko upande wa Zambia, kimening'inia karibu katikati ya ukingo wenye urefu wa mita 1,708. Magharibi yake humwagika Poromoko Kuu. Mashariki yake ndiko maji huanguka kutoka juu zaidi, mita 108. Boti huondoka kwenye gati ya hoteli iliyo juu kidogo ya maporomoko, na safari ni fupi mno, ingawa dereva haendi moja kwa moja. Hupinda kushoto, akapinda kulia, akazunguka jiwe ambalo abiria hakuliona, kwa sababu mto hapa ni mpana, hauna kina na umejaa miamba. Maji yanaonekana matulivu. Mbele yake mto unakatika ghafla, na palipokatika panapanda moshi wa manyunyu.

Ukishuka unapita kwanza kwenye kivuli cha miti. Kisha ardhi inaanza kulowa, udongo unakwisha, na unabaki mwamba mtupu, mweusi, uliosuguliwa hadi ukateleza. Hapo inafaa kuinama kabla ya kukimbilia ukingoni. Mwamba umetobolewa vishimo vya mviringo, vingine vya kuingia ngumi, vingine vya kutosha mtu kuogea, na chini ya baadhi yake zimekaa kokoto laini. Kokoto hizo ndizo zilizochimba. Msimu wa mafuriko maji hupita hapo kwa nguvu, huzinasa na kuzizungusha mahali pamoja, nazo huusaga mwamba huku zenyewe zikisagika. Maji yakipungua kazi husimama na kokoto hubaki shimoni zikingoja msimu mwingine.

Kisha unafika ukingoni. Unatazama mbele, na makumi ya mita tu kutoka ulipo kuna ukuta mwingine wa mwamba, mkavu au wenye kulowa manyunyu, juu yake msitu wa kijani, kimo chake sawa na chako. Unatazama chini na huoni mwisho.

David Livingstone alisimama hapa Novemba 1855. Wasomaji wengi wa pwani wanamjua kwa safari yake ya mwisho, maiti yake ilipobebwa na watumishi wake akina Susi na Chuma hadi Bagamoyo, lakini miaka kumi na minane kabla ya hapo alikuwa mgeni wa Sekeletu, chifu wa Wamakololo, aliyempa mtumbwi na watu wa kumpeleka kwenye Mosi-oa-Tunya, kama wenyeji walivyoyaita maporomoko haya. Alipokaribia alihamishiwa mtumbwi mwepesi zaidi, wenye wapiga kasia walioyajua maji hayo vizuri, nao wakampenyeza kati ya miamba hadi kisiwani. Yeye mwenyewe ameandika kwamba hakuelewa maji yanakwenda wapi. Aliona mto mzima ukipotea ardhini, na ng'ambo ya pili iko karibu sana. Ilibidi atambae mpaka ukingoni na kuchungulia ndipo akaelewa kwamba ni ufa.

Siku ya pili alirudi pamoja na Sekeletu. Chifu alikiri kwamba alikuwa na wasiwasi kidogo wa kuvutwa na maji kabla ya kufika kisiwani. Watu wake walijifurahisha kwa kutupa mawe korongoni, wakashangaa kuyaona yakizidi kuwa madogo, mengine yakipotea machoni kabla hayajagusa maji. Livingstone alikuwa na shughuli nyingine. Alichagua mahali pasipo karibu mno na manyunyu, akapanda kokwa kama mia moja za pichi na aprikoti pamoja na mbegu za kahawa, akapatana na Mmakololo mmoja ajenge ua. Hofu yake ilikuwa viboko, kwa kuwa nyayo zao alikuwa ameziona palepale. Kisha akachonga herufi za jina lake na mwaka kwenye mti, jambo ambalo kwa maelezo yake hakulifanya kwingine kokote. Aliporudi Agosti 1860 viboko walikuwa wameikanyaga bustani yote.

Safari hiyo ya pili alikuwa na John Kirk, yule yule ambaye baadaye Wazanzibari walimjua kama konseli wa Uingereza zama za Sultani Barghash, aliyehusika na mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa. Walipima kina cha ufa kwa namna ambayo fundi wa leo angeipenda: kamba yenye uzito wa risasi na kipande cha kitambaa cheupe. Mmoja alilala kifudifudi kichwa kikiwa nje ya jabali, wenzake wakaachia kamba. Baada ya futi 310 uzito ulinasa kwenye mwamba, bado haujafika kwenye maji, na kile kitambaa kimebaki ukubwa wa sarafu. Miaka mitano kabla ya hapo Livingstone alikuwa amekisia futi 100. Alikuwa amepunja mno.

Tazama miezi hiyo miwili, Novemba na Agosti. Leo wageni hupelekwa kisiwani miezi ambayo mto uko chini tu. Miezi iliyobaki hapaendeki. Ziara zote mbili za Livingstone ziliangukia ndani ya dirisha hilo hilo. Kama angefika Aprili, hakuna mpiga kasia ambaye angekubali kumvusha, angetazama maporomoko kutoka mbali na manyunyu yangemficha ufa. Yale aliyoyaeleza vizuri, na aliyaeleza vizuri kweli, yalitokana na mto kuwa chini.

Kwa nini Aprili? Mvua ya eneo hili hunyesha zaidi kuanzia Desemba hadi Februari, kwa hiyo mtu angetarajia mto ujae Januari. Jibu liko mbali kaskazini-magharibi. Maji mengi ya Zambezi hutoka nyanda za juu za Angola na pembe ya kaskazini-magharibi ya Zambia, na kabla hayajafika kwenye maporomoko hupita uwanda wa Barotse, nchi ya Walozi, ambayo ni tambarare kabisa. Mto ukifurika huko hauendi mbio. Hutapakaa kwenye majani kwa upana wa makumi ya kilomita na kujivuta taratibu. Ndiyo maana Litunga, mfalme wa Walozi, huhama ikulu yake ya Lealui kwa jahazi la Nalikwanda kwenda Limulunga kwenye ardhi ya juu, katika sherehe ya Kuomboka, kwa kawaida Machi au Aprili. Wakati ngoma zinalia huko, kisiwa chetu kimeshafungwa. Aprili maporomoko hupokea wastani wa mita za ujazo zipatazo 3,000 kwa sekunde. Oktoba na Novemba hubaki kama 300, yaani sehemu moja ya kumi.

Ufa wenyewe una historia ndefu zaidi. Miaka ipatayo milioni 180 iliyopita volkeno zilimwaga zaha juu ya nchi hii, tabaka juu ya tabaka, ikaganda ikawa mwamba wa basalti. Ilipopoa ilisinyaa na kupasuka, kama tope la bwawa lililokauka jua kali. Nyufa kubwa zilielekea mashariki na magharibi, nazo zikajaa vitu laini kuliko basalti. Mto unaoelekea kusini ukikutana na ufa wa namna hiyo hukwangua ile laini kwa urefu wote wa ufa, na hapo ndipo yanapozaliwa maporomoko mapana. Halafu sehemu moja ya ukingo huanza kuliwa haraka kuliko nyingine. Maji yote huelekea huko, huchimba kurudi nyuma hadi kuufikia ufa unaofuata, na maporomoko huhamia kwenye ufa huo. Ule wa zamani hubaki korongo. Ramani ya Zambezi chini ya maporomoko inaonyesha makorongo hayo yakipinda kushoto na kulia kwa zamu, na kila moja liliwahi kuwa maporomoko.

Kazi hiyo inaendelea. Upande wa Zimbabwe, mwisho wa magharibi, kuna Poromoko la Shetani, ambako ukingo umeshaliwa ukawa chini sana kuliko kwingine: maji huanguka mita 60 na ushei tu. Hapo ndipo mto unapochimba maporomoko yajayo. Siku kazi hiyo itakapokamilika, maelfu mengi ya miaka kutoka sasa, Kisiwa cha Livingstone kitakuwa jabali kavu juu ya korongo lisilo na maji.

Dalili yake inaonekana kila mwaka wakati wa kiangazi. Kwa kuwa magharibi ni chini, maji machache yaliyopo hukimbilia huko, na upande wa Zambia hukauka vipande vipande. Mitambo nayo ina sehemu yake. Kituo cha umeme cha Zambia, chenye uwezo wa megawati 108, huchota maji juu ya maporomoko na kuyarudisha ndani ya korongo. Mwezi Oktoba mgeni aliyelipa kuona maporomoko upande wa mashariki anaweza kuonyeshwa ukuta wa mawe.

Ukavu huo huo ndio unaoruhusu lile linalowaleta vijana wengi kisiwani, Bwawa la Shetani. Ni shimo kubwa la maji lililo kwenye mdomo wa maporomoko, pembeni mwa kisiwa, na upande wa nje limezuiwa na kizingiti cha mwamba. Unaogelea kutoka kisiwani kwa kushika kamba, unaingia, mkondo unakusukuma hadi kizingitini, na hapo unakaa huku maji yakikupita na kuanguka mita mia moja nyuma yako. Mwongozaji hukushika miguu ili uchungulie, na samaki wadogo hukudonoa vidole. Ni salama kwa yule tu anayefuata mwongozaji, kuanzia kati ya Agosti hadi kati ya Januari hivi tu. Kwa maoni yangu bwawa hili limeimeza ziara nzima: watu hupanga foleni, hupigwa picha, hula kifungua kinywa chini ya hema na kurudi kwenye boti bila kugeuka kuutazama ukuta wa ng'ambo. Na wengi hawaambiwi kwamba mahali hapo palikuwa pa ibada. Livingstone mwenyewe aliandika kwamba machifu watatu wa Batoka walitambikia mizimu yao karibu na maporomoko, kila mmoja mahali pake, na kisiwa hiki kilikuwa mojawapo. Waleya wa chifu Mukuni, ambao kijiji chao kiko karibu, wanaendelea kuheshimu sehemu hizo.

Anayetoka Afrika Mashariki anaweza kwenda kwa treni ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, kisha basi hadi Lusaka na mji wa Livingstone. Awe na subira na ratiba. Kuchagua mwezi ni mvutano: maji yakiwa mengi kisiwa hakifikiki, na kisiwa kikifikika vizuri maji yamepungua. Mwisho wa Agosti na Septemba ndiyo nafuu, bwawa limeshafunguliwa na upande wa mashariki bado una maji. Ukienda Novemba, tenga pia nusu siku ya kuvuka daraja la 1905 kwenda upande wa Zimbabwe, kwa sababu huko maji hayakauki.