Kuomba fedha za mradi wa likizo ndefu

Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaorudi Muze wakati wa likizo ndefu hutuuliza: je, ufadhili wa waliofaulu vizuri unaweza kulipia mradi wa nyumbani? Ndiyo, ila kwa sehemu.

Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa waliong'ara katika sayansi kidato cha sita, hugharamia pamoja na ada, utafiti na mafunzo kwa vitendo. Lakini hizo ni kazi za mtaala wa chuo. Mradi wako mwenyewe huombewa fedha kivyake, na hapo wengi hukwama.

Tulisoma andiko la kijana mmoja, mwenye alama nzuri kweli, aliyetaka "kuboresha maji katika Bonde la Ziwa Rukwa". Bonde zima, kwa wiki nane! Alinyimwa. Tulipoketi naye tukaona anachokijua hasa ni visima vitatu vya kitongoji chao. Viwili hukauka kiangazi, watu wakahamia maji ya mto, na kipindupindu wote tunakijua. Basi aandike hayo: visima vipi, vitapimwa mara ngapi, vipimo ni bei gani, nauli ya kushuka kutoka Sumbawanga ni kiasi gani, na nani kijijini atabaki na majibu.

Barua nayo ina safari yake. Kutoka chuoni hupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha Mkurugenzi wa Halmashauri, ndipo imfikie mtendaji wa kata na wa kijiji. Anayeanza kuifuatilia Julai huishia kupima visima siku mbili kabla ya kurudi chuoni. Kijana wetu safari hii ameanza Aprili.